Tunaosafiri Watatu kwa Mikono Miwili

Mama aliambiwa abonyeze tena. Akabonyeza. Akaambiwa aongeze nguvu, akakandamiza mpaka kucha zikawa nyeupe, na mashine ikakataa. Kijana wa nyuma ya kioo akampa karatasi yenye unyevu afute vidole, kisha akaanza kujaribu kimoja kimoja: gumba la kulia, gumba la kushoto, shahada, cha kati. Mwanangu wa mwaka mmoja na miezi saba alikuwa mgongoni kwangu ndani ya mbeleko, amelia mpaka sauti imekauka. Mara ya tisa au ya kumi yule kijana akaniangalia mimi, si mama, akasema: "Huyu mama hana alama."

Mama yangu ana miaka 72. Alama zake amezimaliza Pangani. Zimeishia kwenye ukili aliousuka tangu hajavunja ungo, kwenye vifuu vya nazi, kwenye mpini wa jembe la muhogo, kwenye moto wa vitumbua alivyouza alfajiri ili watoto wake wanne tusome. Vidole vile vimekuwa laini kama kete za bao. Vilitulea, na siku alipotaka kwenda Ulaya kumwona mjukuu ambaye binti yake mdogo alikuwa karibu kumzaa, vikageuzwa kuwa kosa lake.

Tuliambiwa tukae tumngoje mkubwa wa kituo kile cha maombi ya viza. Tukaenda benchini, na kwenye benchi lile ndipo nilipojua kwamba hatukuwa peke yetu. Alikuwapo mzee mvuvi wa kutoka Mafia na kijana wake. Mzee alinyoosha viganja akatuonyesha: kamba za jarife zimeparuza kila kitu, naye amerudishwa mara mbili. Alikuwapo dada wa Moshi anayempeleka mama mkwe wake India kutibiwa moyo, na kichanga cha miezi minne kinachonyonya. Alikuwapo mama mwingine na mapacha wa miaka mitatu, na bibi yao aliyekuja na mkeka wake mdogo wa kukalia kwa sababu alishajua viti vitakuwa haba. Tukaanza kusemezana. Kabla ya siku ile kila mmoja alidhani ni mkosi wa nyumbani kwake tu. Ninayaandika haya kwa niaba ya benchi lile, na ninajua mabenchi ya namna hiyo ni mengi.

Lalamiko letu kubwa ni hili: karatasi zote za safari, kuanzia fomu ya kwanza mpaka kiti cha ndege, zimemfikiria mtu mmoja. Mtu huyo ni mzima wa mwili, ana mshahara, ana jina moja lisilobadilika tahajia, ana vidole vinavyosomeka na mikono miwili mitupu ya kubebea mizigo. Sisi hatusafiri hivyo. Bibi hawezi kwenda peke yake kwa sababu ya magoti na lugha. Mtoto hawezi kubaki kwa sababu ananyonya. Mama yake hawezi kumwacha huyu wala yule. Ukimzuia mmoja umewazuia wote watatu, lakini hakuna fomu yenye mahali pa kuandika hivyo. Kila mtu anahojiwa na kupewa jibu lake peke yake, kana kwamba tumekutana barabarani.

Tuanze na hivyo vidole. Sheria za watu zinajua kwamba vidole vya mtoto ni vidogo. Kwa viza ya Schengen, mtoto wa chini ya miaka 12 hachukuliwi alama. Uingereza mtoto wa chini ya miaka 5 hupigwa picha tu. Kanada imekwenda mbele zaidi: imewasamehe walio chini ya miaka 14 na walio zaidi ya miaka 79. Basi yupo aliyekumbuka kwamba uzee nao una vidole vyake. Lakini mkulima au mvuvi wa kwetu hangoji kufika miaka 79 ndipo alama zifutike. Akiwa na 60 tayari zimekwisha. Hata ile sheria ya Schengen inamsamehe mtu ambaye kimwili haiwezekani kuchukuliwa alama. Msamaha huo umeandikwa. Ila yule kijana wa nyuma ya kioo hana habari nao, au anao lakini anaogopa kuutumia, kwa hiyo bibi anaambiwa abonyeze tena na tena, kisha anaambiwa arudi kesho. Kwa anayekaa Masaki, Dar es Salaam, kesho ni teksi moja. Kwa aliyetoka Mafia kesho ni boti, basi, na pa kulala.

Nami siku ile nilijibiwa hivyo hivyo: arudi kesho kutwa. Usiku mbili mfululizo nilimpaka mama mafuta ya nazi vidoleni na kumfunga vitambaa. Siku ya tatu mashine ikasoma saba kati ya kumi, wakaridhika.

Na tulie kuhusu heshima pia, kwa sababu hii haihitaji sheria ya nchi yoyote. Pale dirishani walikuwa vijana wetu, wanaozungumza Kiswahili kama sisi, waliolelewa na bibi kama hawa. Mama wa miaka 72 anaitwa "namba arobaini na sita" kwa kipaza sauti, akichelewa kunyanyuka anarukwa. Mzee wa Mafia alifika dirishani akasubiri kwanza, kwa mazoea, aamkiwe. Hakuamkiwa. Akabaki amesimama, kofia mkononi, mpaka mwanawe akamsogeza. Shikamoo hailipiwi kodi na haipunguzi kasi ya foleni. Inamwambia mzee kwamba ameonekana.

Majina nayo yametutesa. Mama ni Zainabu kwenye kitambulisho cha taifa cha NIDA, ni Zainab bila u ya mwisho kwenye cheti cha ndoa, na kwenye daftari la zahanati kuna herufi nyingine kabisa. Zote ni yeye. Kila aliyeandika aliandika alivyosikia, na mama hakuwa na sababu ya kuuliza. Kwa herufi moja tulikwenda kwa wakili, tukaapa, tukagongewa mhuri. Tarehe ya kuzaliwa ilikuwa mtihani mwingine. Wazee wetu wengi walizaliwa nyumbani, mkononi mwa mkunga wa kijiji. Waliambiwa walizaliwa msimu wa mpunga, au mwaka fulani wa njaa. Wakaandikiwa tarehe 1 Januari, maana karatasi ilitaka tarehe. Sasa anapoulizwa na mtu asiyemjua, "Umezaliwa lini?", anasita. Mtu anayesita anatiliwa shaka.

Kwa mtoto ni kinyume. Tarehe ipo, saa ipo, uzito upo. Kinachokosekana ni jina langu. Kwetu mtoto hupewa jina lake, kisha la baba, kisha la babu. Mimi niliyembeba miezi tisa simo. Kila mpaka ninaulizwa: "Huyu ni mtoto wa nani?" Ninatoa cheti cha kuzaliwa, ninatoa barua ya ridhaa ya baba yake iliyoapiwa, ninatoa nakala ya pasipoti ya baba. Ninakubali kwamba wapo wanaoiba watoto na ulinzi ni lazima. Hakuna mama anayekataa mwanawe kulindwa. Ila yule mama wa mapacha alituuliza swali ambalo benchi zima lilishindwa kulijibu: baba aliyeondoka mimba ikiwa na miezi mitano, asiyejulikana yuko mkoa gani, saini yake itoke wapi? Alikuwa na barua ya serikali ya mtaa inayosema analea peke yake. Akaambiwa haitoshi. Kwa hiyo aliyekimbia bado ana mamlaka ya kuwazuia, na aliyebaki akawalea lazima amtafute.

Dada wa Moshi naye alikuwa na fumbo lake. India hutoa viza ya matibabu kwa mgonjwa, na viza ya waangalizi wasiozidi wawili. Mgonjwa ni mama mkwe. Waangalizi ni yeye na mumewe, kwa sababu mmoja atalala wodini na mwingine atafuata dawa na malipo. Na kichanga? Hakitibiwi, na hakiangalii mgonjwa. Kinanyonya. Wakala mmoja alimwambia amwachishe ziwa aache mtoto nyumbani. Miezi minne! Aliposema hivyo yule bibi wa mkeka alipiga makofi ya mshangao, na mlinzi akatugeukia.

Sasa fedha. Uingereza, viza ya kawaida ya kutembelea ya miezi 6 ilipandishwa Aprili 2025 kutoka pauni 115 hadi 127, na mtoto anayenyonya hulipa sawa na mtu mzima. Kwa bei hiyo ya 2025 watu watatu ni pauni 381 kabla hujaulizia nauli. Upande wa Schengen kuna nafuu kwa watoto, na tuseme haki yao: walio chini ya miaka 6 hawalipi ada ya viza, na wa miaka 6 hadi 11 hulipa euro 45, wakati mtu mzima hulipa euro 90 tangu Juni 2024. Lakini inatakiwa pia bima ya safari isiyopungua euro 30,000, na hapo ndipo mzee anapokamatwa. Bima ya mtoto ni ndogo, ya kwangu ni ya wastani, ya mama ilikuwa kubwa kuliko zetu mbili zikijumlishwa, na kampuni ya kwanza niliyoiendea ilinirudisha niliposema ana presha. Mzee gani hana presha?

Ukinyimwa, fedha hairudi. Tunaomba wasomaji walitafakari hilo, kwa sababu si jambo dogo kwa familia iliyochanga. Zamani kidogo kulikuwa na mlango. Mtu aliyenyimwa viza ya kwenda kumtembelea ndugu Uingereza aliweza kukata rufaa, akasikilizwa na jaji. Mlango huo ulifungwa tarehe 25 Juni 2013. Siku hizi kwa kawaida unaloweza kufanya ni kuomba upya, na kulipa upya.

Na sababu ya kunyimwa tunaijua kwa kuisikia tu, maana kila aliyenyimwa huleta barua ile ile: hatukuridhika kwamba utarudi kwenu. Bibi mmoja wa jirani yetu alinyimwa hivyo na nchi moja, na mjukuu aliyekuwa asafiri naye akapewa. Alitakiwa aonyeshe kinachomfunga nyumbani. Ana minazi arobaini na kitu, ana wajukuu saba wanaolala chumbani kwake, ana kaburi la mumewe analolifagia kila Ijumaa. Lakini minazi haitoi taarifa ya benki ya miezi sita. Nazi zikianguka anauza, akiuza anakula, kilichobaki anakifunga kwenye pindo la kanga. Hakuna mtu aliyefungwa na nyumbani kuliko yeye. Angefika huko angehesabu siku za kurudi kabla hajavua viatu. Aliposomewa barua ile aliuliza jambo moja tu: "Wananiona mwongo?" Tukashindwa kumjibu. Mjukuu hakwenda pia. Angekwenda na nani?

Wenzetu wasiopanda ndege wana yao. Kwa watu wa Tanga kusafiri nje ni kwenda harusini Mombasa. Wadigo wako Kwale na wako Mkinga. Mpaka uliwapitia katikati, wao hawakuupitisha. Tunashukuru kwamba Horohoro na Lunga Lunga sasa ni kituo kimoja: unagongewa mhuri wa kutoka na wa kuingia chini ya paa moja, hushuki basi mara mbili. Hilo limetupunguzia, lazima tuseme. Lakini tunaona majirani. Tangu 2014 Mkenya, Mganda na Mnyarwanda wanavuka baina yao kwa kitambulisho cha taifa. Sisi Watanzania bado tunatakiwa hati ya kusafiria. Pasipoti ya kawaida ni shilingi 150,000. Bibi na binti yake pekee ni 300,000, kwa harusi ya siku mbili. Zamani mtoto aliandikwa ndani ya pasipoti ya mama yake. Sasa kila mtu na yake, hata wa miezi miwili. Ipo hati ya dharura ya bei nafuu, lakini nayo ina foleni yake, picha zake na barua zake, na bibi hupelekwa kote huko kwa bodaboda.

Mpakani basi linapigiwa honi usiku wa manane. Wote chini, mizigo yote chini. Mtoto anaamshwa kwa taa ya tochi, bibi anashuka ngazi za basi ambazo ya kwanza yake ni urefu wa goti. Kisha inakuja kadi ya homa ya manjano, na hapa tuna uchungu wa pekee. Watoto wa chini ya miezi 9 kwa kawaida hawachomwi chanjo hii. Kwa watu wa miaka 60 na kuendelea, ambao hawajawahi kuchanjwa, madaktari wanashauriwa kupima kwanza faida na hatari, kwa kuwa madhara makubwa, ingawa ni nadra, huwapata wazee zaidi. Kwa hiyo wawili kati ya watatu katika safari kama zetu wanaweza kuwa watu ambao chanjo yenyewe inasema waangaliwe. Kanuni za Afya za Kimataifa zinamruhusu daktari kuandika cheti cha msamaha. Mama wa rafiki yangu alikuwa nacho, kimegongwa mhuri wa hospitali. Ofisa wa zamu akakigeuza huku na huku, akasema hajawahi kuona kitu kama hicho. Walikaa pale mpaka kulipokucha, basi likaondoka.

Wengine wana kadi halali na bado wanasumbuliwa. Tangu tarehe 11 Julai 2016 sindano moja ya homa ya manjano inahesabiwa kutosha maisha yote. Kadi haina mwisho tena. Miaka karibu kumi imepita, na bado kuna anayehesabu miaka kumi kwa vidole mbele yako na kukuambia kadi imekufa. Ukibishana unakawia, ukikawia basi linakuacha, na aliyeshika mtoto na mama mzee habishani. Hulipa. Wanajua kwamba hulipa.

Narudi kwenye safari yangu, maana viza ilitoka. Ndege nyingi za kutoka Dar es Salaam kwenda Ulaya hupitia Addis Ababa, Doha, Dubai au Istanbul, na mahali pa kubadilishia ndege ndipo nilipoumia kuliko pote. Sitautaja uwanja.

Niliomba kiti cha magurudumu mapema, zaidi ya saa 48 kabla, kama wanavyotaka. Kilikuwapo mlangoni mwa ndege, sina neno. Kijana aliyekisukuma alikuwa mpole. Lakini nilipogeuka kuchukua kigari cha mtoto kilichokuwa kinatolewa chini, mama hakuwapo. Wenye viti hupita lifti yao na ukaguzi wao. Mimi nilielekezwa kwingine. Nilisema yule ni mama yangu, hasemi lugha yoyote ila Kiswahili, pasipoti yake ninayo mimi. Nikaambiwa nisiwe na wasiwasi, nitamkuta langoni. Lango gani? Lilikuwa halijaandikwa.

Kwenye ukaguzi walitoa chupa ya uji. Uji wa ulezi, niliupika saa tisa usiku, mwanangu hali kitu kingine akiwa safarini. Tangu 2006 viwanja vingi vimekataza vimiminika zaidi ya mililita 100 mkononi, na chakula cha mtoto kimeachwa nje ya katazo hilo. Nililisoma hilo kabla ya kutoka nyumbani. Nilieleza kwa Kiingereza changu chote. Angekuwa ni maziwa ya kopo lenye picha ya mtoto yangepita, nina hakika. Uji wa rangi ya udongo mkaguzi hakuujua. Akaumwaga mbele ya mtoto.

Nilimtafuta mama dakika arobaini. Nilimbeba mtoto upande mmoja, mkoba wa pampasi upande wa pili, kigari nikikisukuma kwa tumbo. Nilimkuta mwisho wa ukumbi, mbali na lango letu. Walikuwa wazee wanane kwenye viti vya magurudumu, wamepangwa mstari mmoja wakitazama ukuta, kila mmoja na kipande cha karatasi mapajani. Mama alikuwa anavuta uradi kwa vidole vyake. Alikuwa hajaenda msalani tangu tushuke, kwa kuogopa kwamba akiondoka ataachwa. Hakulia. Alinishika mkono akaniuliza: "Mtoto amekula?"

Watu wanaosema kwamba wazee wanahudumiwa vizuri viwanjani hawajauona mstari ule. Ni kweli, Ulaya sheria inataka msaada huo utolewe bila malipo, na unatolewa. Lakini msaada ni wa kiti. Kiti kinafikishwa. Aliyekikalia anatenganishwa na mtu pekee anayeelewa anachosema, na hakuna anayeona kwamba hilo ni kosa.

Ndani ya ndege, mtoto ambaye hajatimiza miaka 2 hana kiti. Anapakatwa, na nauli yake kwa kawaida ni karibu sehemu moja ya kumi ya nauli ya mtu mzima. Tunaipenda hiyo bei, haturudi nyuma. Ila wapangaji wa viti wangejua kwamba aliyempakata mtoto ana pia mama mzee anayehitaji kushikwa mkono kwenda msalani. Ukinyanyuka naye, mtoto umpe nani? Ukibaki na mtoto, mama aende na nani? Kwenye ndege ya kwanza tangazo la usalama lilisomwa kwa lugha tatu, mama akaniuliza wamesema nini, nikamtafsiria nusu kwa sababu nusu nyingine mtoto alikuwa ananipiga usoni. Kiswahili kinatajwa na Umoja wa Mataifa kuwa na wasemaji zaidi ya milioni 200. UNESCO mwaka 2021 iliipa lugha yetu siku yake, tarehe 7 Julai. Ndege ile ilikuwa imetoka Dar es Salaam siku ile ile imejaa sisi.

Aliyetuokoa ni abiria. Mama wa Bukavu, kiti cha nyuma yetu, alisikia lugha, akainuka akasema, "Leta mutoto, mama." Akampakata mwanangu saa nzima, akamwimbia kwa Kiswahili cha kwao. Hakuwa mtumishi wa mtu. Alikuwa anakwenda kwa binti yake, kama mama.

Tulikwenda kwa ajili ya arobaini. Wasiojua mila hii wanadhani tunakwenda kutalii. Mwanamke akijifungua, mama yake humkanda, humpikia mchuzi wa pilipili manga, humwogesha mtoto, humwacha mzazi alale. Ni siku arobaini, na mtoto hapangi siku ya kuzaliwa. Fomu ilitaka tarehe ya kwenda na ya kurudi. Miadi ya kwanza ya kuwasilisha maombi tuliipata baada ya wiki tano. Kisha vidole, kisha herufi moja ya Zainabu, kisha kungoja. Tulipofika, mtoto alikuwa na siku 61. Mdogo wangu alikuwa amejikanda mwenyewe, amekonda, na mshono ulishika usaha mara moja. Mama alimtazama juu mpaka chini, akavua baibui, akaomba maji ya moto.

Tumerudi sasa. Tulipoachana pale benchini tulipeana namba za simu. Mama wa mapacha bado anamtafuta yule mwanamume. Dada wa Moshi alikwenda India, kichanga kikapata viza yake baada ya kuongeza malipo na majuma mawili, na mama mkwe amefanyiwa upasuaji salama, tunamshukuru Mungu. Wiki iliyopita kijana wa Mafia alinipigia. Wamepewa miadi nyingine, Jumanne, mara ya nne. Alitaka kujua nilimpaka mama mafuta gani. Nikamwambia ya nazi, yaliyokamuliwa nyumbani, apake usiku tatu mfululizo, amfunge vitambaa, na siku hizo mzee asishike kamba.

Akanyamaza kidogo. Akasema mzee ameshaingia baharini tangu alfajiri.